Wazoefu wa kuku, mgeni akikuletea swali la kitoto unamjibuje? Mwenzenu nilimjibu mmoja kwa mkato, roho inanisuta

#1 Mama Matetea
Habari za jioni wadau wa ufugaji.

Nafuga chotara mwaka wa tisa sasa, Morogoro, nje kidogo ya mji. Mtaani kwetu mtu akileta vifaranga, swali la kwanza anamuuliza aliyemuuzia, la pili analeta kwangu. Zamani nilikuwa nafurahi. Siku hizi, niseme ukweli, nikisikia hodi saa moja usiku najua tu ni "mama, kuku wangu wamezubaa", na chakula kinanishinda.

Mwezi wa tatu kijana jirani, kamaliza chuo, ajira hana, kakopa kwa dada yake, kaleta vifaranga 300. Akanikuta nachambua mchicha. "Shikamoo mama. Samahani, eti vifaranga wanakunywa maji gani?" Nikamwambia, "Marahaba. Maji ni maji baba, au ulitaka uwape soda?" Wanangu wakacheka. Na yeye akacheka, akaaga.

Wiki ya tano mdondo, ule ugonjwa wa Newcastle, ukaingia kwake. Wamebaki 41.

Nilipokwenda kumpa pole ndipo akaniambia alichokuwa anauliza. Siku ya saba alitakiwa awape chanjo ya mdondo ya kunywa, hajui aichanganye na maji gani. Jibu hakupata, akachota bombani, maji yetu haya ambayo ukifungua koki tu yananuka dawa, akamimina chanjo humo. Siku ya 21 akarudia vilevile.

Nimeulizwa maswali mengi mwaka huu, na hilo lilikuwa zuri kuliko yote. Mimi ndiye niliyelisikia la kitoto.

Ninyi wenzangu mnawajibuje? Kila swali unalijibu? Unamtuma kwa afisa mifugo? Unanyamaza? Nawasilisha.

#2 Pumba Laini
Nimewahi siti ya mbele. Karanga ziko wapi?

#3 Mzee wa Maranda
Pole mama, ila usijibebeshe mzigo usio wako. "Vifaranga wanakunywa maji gani" na "chanjo nichanganye na maji gani" ni maswali mawili tofauti. Aliuliza moja, akajibiwa moja.

Mimi nilijifunza kwa kukaa kwa mzee mmoja miezi sita nazoa mavi bila mshahara. Siku hizi mtu ananunua kuku kwanza, banda baadaye, akili mwisho. Halafu akipata hasara, mzoefu ana roho mbaya.

#4 Chotara wa Kilosa
@Mzee wa Maranda sasa mgeni angejuaje kulinyoosha swali? Anayeweza kulinyoosha ameshajua nusu ya jibu. Huyo kijana hakujua kwamba kuna maji ya kunywa na maji ya chanjo. Kwake yote ni maji.

Mimi nilipoanza niliuliza "kuku anapewa chakula mara ngapi", nikajibiwa "wewe unakula mara ngapi?" Nikawapa mara tatu, vifaranga wa broila, tena kwa kupima. Walidumaa kama njiwa.

#5 Mtetea Mweusi
Kama njiwa 😂😂 Na ulipata mteja?

#6 Chotara wa Kilosa
Tuliwala wenyewe. Mwezi mzima nyumbani tunakula supu na kulaumiana.

#7 Sindano Baridi
Poleni. Mimi ni daktari wa mifugo, nitaandika kwa awamu maana niko njiani.

Kwanza tusilihukumu bomba haraka. Ni kweli chanjo hizi za kunywa zina virusi hai, na dawa ya maji ya bomba inaviua. Lakini yapo mambo mengine yanayoleta msiba uleule. Chanjo ilitoka kwenye friji au kwenye rafu? Aliibebaje mpaka nyumbani? Nimeshamwona mtu kaitia mfuko wa shati, kapanda bodaboda saa saba mchana. Je, aliwanyima maji kwanza saa moja au mbili? Kifaranga asiye na kiu anapiga funda moja, mwenzake hagusi kabisa, chanjo inakaa kwenye jua mpaka jioni. Yale maji tunataka yaishe ndani ya saa mbili. Halafu kuna kinga ambayo kifaranga anatoka nayo kwa mama yake, nayo inaweza kuipunguzia nguvu chanjo ya siku za mwanzo. Hiyo ni sababu mojawapo ya kurudia.

Kwa hiyo mama, inawezekana hata ungemjibu vizuri kuhusu maji, kuku wangekufa vilevile.

Kwa faida ya wanaosoma: tumia maji safi ya kisima au ya mvua. Ukikosa, ukatumia ya bomba, tia kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa lita, koroga, subiri kama nusu saa, ndipo utie chanjo. Chombo kiwe cha plastiki, kisiwe kimetoka kuoshwa na sabuni au dawa.

#8 Jogoo la Shamba
Mambo ya maziwa ya nini yote hayo? Tumieni I-2, chanjo ya mdondo ya matone. Tone moja kila jicho, unarudia baada ya miezi sita, umemaliza. Hata friji haihitaji.

#9 Sindano Baridi
@Jogoo la Shamba mkuu, hapo umepatia jina la chanjo tu.

I-2 ni tone moja kwenye jicho moja, awe kifaranga au jogoo la kilo nne, dozi ni ileile. Kurudia ni kila miezi mitatu, ukichelewa sana minne. Na friji inaihitaji. Inavumilia joto kuliko nyingine, ndiyo maana inafaa vijijini, lakini kuvumilia si kutodhurika. Dukani ikae kwenye baridi, njiani uibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu.

Sasa tazameni. Huyu ndugu ni mzoefu, na jibu lake mgeni angelifuata neno kwa neno.

#10 Jogoo la Shamba
Nimekosolewa, nimekubali. Ila kuku wangu hawajafa.

#11 Pumba Laini
Jogoo la shamba haliwiki mjini 😂

#12 Dirisha la Dawa
Niseme la upande wangu, mimi nauza dawa za mifugo.

Mtu anaingia: "Nipe dawa ya kuku." Nauliza wanaumwa nini. "Wanaumwa." Wana umri gani, wanahara rangi gani? Ananuna, anavuka barabara, duka la pili anapewa paketi ya antibayotiki bila swali hata moja. Jirani kauza, mimi nimefundisha. Kodi ya fremu hailipwi kwa mafundisho, wapendwa.

Nilichogundua ni kwamba mgeni haji na swali. Anakuja na hofu. Anataka atoke na kitu mkononi. Ukimpa maneno matupu anaona hukumsaidia. Siku hizi nampa kikaratasi nilichoandika kwa mkono: joto, maji, chanjo siku ya ngapi. Akishika karatasi anatulia, na maswali yangu anayajibu.

#13 Mzee wa Maranda
Wewe ni mfanyabiashara, umelipwa usikilize. Mimi nani ananilipa? Saa ngapi nalisha wangu? Mgeni mmoja ni dakika arobaini, na wiki ijayo anakuja mwingine na lilelile. Waje na kilo ya sukari basi.

#14 Mtetea Mweusi
Mzee wetu, hapo zamani ulipokuwa unazoa mavi miezi sita, yule mzee alikulipisha sukari?

#15 Mzee wa Maranda
Nilimlipa kwa mgongo wangu, binti.

#16 Nyanda za Juu
Mimi naogopa zaidi jibu fupi kuliko kunyamaza. Nina kesi.

Shemeji yangu aliuliza kwa simu, huku Mbeya, msimu wa baridi: "Vifaranga wanaona baridi, niweke nini?" Nikamjibu, "Weka jiko la mkaa." Jibu sahihi kabisa, sisi wote tunaweka jiko. Nikakata simu, nilikuwa kwenye daladala.

Akaweka jiko. Halafu, kwa kuwa ni baridi, akaziba madirisha yote kwa maturubai na tundu za juu akazijaza magunia. Asubuhi vifaranga 120 wamelala kama waliopangwa. Moshi wenyewe hakuuona, mkaa ulishakolea. Ile hewa haina rangi wala harufu. Tunashukuru hakulala humo mwenyewe.

Mimi hewa ya jiko naijua tangu utoto, sikudhani ni jambo la kuambiwa mtu. Tangu siku hiyo nikijibu swali najiuliza: kuna nini ambacho mimi nafanya bila kufikiri, na huyu hakijui?

#17 Chotara wa Kilosa
Daah. Pole sana mkuu. Hilo la mwisho nimelinakili.

#18 Sindano Baridi
Nimefika. Naendelea.

@Nyanda za Juu umegusa penyewe, lakini huwezi kumwambia mtu kila unachokijua kwa pumzi moja. Ndiyo maana mimi swali silijibu kwa jibu. Nauliza matano: wana umri gani; wamekufa wangapi na tangu lini; wamechanjwa nini na lini; mavi yakoje; umeshawapa dawa gani. Anayesema "kuku wanahara" hajaniambia kitu. Wa wiki nne anayehara damu naanza kufikiria koksidia, vimelea vya utumbo. Wa wiki nne anayehara maji meupe, kajikunyata, manyoya yamesimama, nafikiria Gamboro, ugonjwa wa virusi. Akihara kijani na shingo imepinda, namwambia ukweli kwamba mdondo hauna dawa, aokoe walio wazima. Swali ni lilelile, majibu matatu, na hakuna dawa moja inayotibu yote.

#19 Mgeni wa Banda
Shikamooni wakubwa. Nimejiunga leo, nina kuku 50 tu, wiki ya sita. Naomba niongee kama mgeni.

Daktari, maswali yako ni mazuri, lakini ukiulizwa matano mfululizo unajiona uko kituo cha polisi. Mimi niliulizwa "umechanja lini?" nikadanganya, nikasema siku ya saba. Sikuwa nimechanja kabisa. Niliona aibu, maana aliyeniuliza alishasema "usiniambie hujachanja". Akanipa ushauri wa kuku waliochanjwa.

#20 Sindano Baridi
Hilo sikuwahi kulifikiria. Ahsante.

Chanja leo kama wote wazima. Walioumwa usichanje kwa kudhani ni tiba.

#21 Jogoo la Shamba
@Sindano Baridi unasema mdondo hauna dawa. Mwaka juzi wangu walihara kijani, nikawapa OTC, ile antibayotiki, na pilipili kichaa na mshubiri, siku ya nne wanakimbia. Tusiwatishe wageni.

#22 Dirisha la Dawa
@Jogoo la Shamba kuhara kijani hakumaanishi mdondo peke yake. Homa ya matumbo ya kuku nayo inafika kwenye rangi hiyo, na ile ni ya bakteria, antibayotiki inaifanyia kazi. Hata kuku asiyekula siku mbili mavi yanageuka kijani. Pilipili imepata sifa ya bure.

#23 Jogoo la Shamba
Au OTC ndiyo imepata sifa ya pilipili. Nani anajua?

#24 Kienyeji Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Nimesoma yote.

Mimi nilifundishwa na nyanya yangu. Ukimuuliza kitu hakujibu, anakupeleka bandani na kukuambia "tazama". Nilimuuliza vifaranga wanataka joto kiasi gani. Hakuwa na kipimajoto. Akasema tazama: wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, wakikimbilia ukutani, midomo wazi, wanaungua, wakitawanyika na kulala ovyo kama watoto walioshiba, hapo ndipo. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba wiki ya kwanza ni kama nyuzi 33 hadi 35, halafu unapunguza karibu tatu kila wiki. Nambari ilinikuta najua tayari.

Kwa hivyo mimi simjibu mgeni. Nampeleka akatazame.

#25 Pumba Laini
Nyanya ya kwenye mchuzi au?

#26 Kienyeji Nakuru
Nyanya mzazi wa mama, bwana. Nyinyi huko mnamwita bibi, sisi huku bibi ni mke. Tusianze.

#27 Chotara wa Kilosa
Hiyo ya "tazama" ni nzuri ukiwa na bibi na banda pamoja. Kijana wa Mama Matetea alikuwa na swali ambalo hata ukitazama maji mwaka mzima huoni kitu. Dawa ya bombani haionekani. Mengine yanataka mtu aseme kwa mdomo.

#28 Kienyeji Nakuru
Hapo umenishika.

#29 Mtama Mwekundu
Niwaambie ambacho hamtaki kusema? Humu nusu ya wazoefu wanauza vifaranga. Ukijua kila kitu, kuku wako hawafi. Wasipokufa, huna haja ya kurudi kununua. Ndiyo maana majibu huwa nusu. Hakuna uchovu hapo, kuna biashara.

#30 Mama Matetea
@Mtama Mwekundu mwanangu, ningekuelewa kama ungekuwa umewahi kuuza. Mimi natotolesha na kuuza. Mtu ambaye kuku wake wamekufa wote harudi kununua. Anabomoa banda, anawaambia na shangazi zake wote kwamba kuku hawalipi. Anayerudi ni yule aliyeuza mayai akaona hela.

Yule kijana nilimjibu nusu, lakini si kwa sababu ya biashara. Ni kwa sababu wanangu walikuwa hapo na nilitaka kuchekesha. Afadhali ingekuwa biashara.

#31 Mtama Mwekundu
Kwako nimefuta mama. Kwa wengine nimeacha.

#32 Mzee wa Maranda
Mama, ukiendelea kujilaumu hivi utaanza kuwajibu hata wanaouliza jogoo anataga lini.

#33 Mgeni wa Banda
Samahani, kwani mtetea bila jogoo anataga?

#34 Pumba Laini
😂😂😂 Mzee wa Maranda, mtu wako huyo.

#35 Mzee wa Maranda
...

Anataga. Mayai ya kula hayahitaji jogoo. Ukitaka yaanguliwe ndipo umtafute jogoo. Wale kuku wa mayai wa kisasa hawamjui jogoo kabisa maisha yao yote, na wanataga.

Haya, nimejibu. Sukari niachie kwa Pumba Laini.

#36 Mgeni wa Banda
Ahsante mzee. Nilitaka kuongeza majogoo kumi, nimeokoa hela.

#37 Nyanda za Juu
Mnaona? Majogoo kumi kwa kuku 50 wasio wa kutotolesha. Swali la sekunde mbili limemwokolea chakula cha miezi.

#38 Sindano Baridi
Na bado mimi naona kuna maswali ambayo mzoefu hatakiwi kuyajibu hata kwa nia njema. Mtu akikuuliza dozi ya antibayotiki, hujawaona kuku wake, mwambie aende kwa mtaalamu. Mkijibu "kijiko kimoja kwa lita kumi" kila mmoja kwa kijiko chake, tunatengeneza vimelea sugu, na mayai yenye dawa yanauzwa kesho yake bila kusubiri siku zilizoandikwa kwenye paketi. Hapo kunyamaza ni ukarimu.

#39 Chotara wa Kilosa
Mtaalamu yuko wapi daktari? Kata yetu afisa mifugo ni mmoja, na pikipiki yake haina mafuta. Ukinyamaza wewe atajibu Jogoo la Shamba.

#40 Jogoo la Shamba
Nimeitwa?

#41 Sindano Baridi
@Chotara wa Kilosa hilo sina jibu lake la haraka.

#42 Mtetea Mweusi
Mama Matetea, huyo kijana anaendeleaje? Wale 41 wapo?

#43 Mama Matetea
Aliwauza wote, hakutaka hata mmoja. Nilimpelekea vifaranga 20 wa bure, na chupa ya chai ina barafu na chanjo ndani, nikamwambia nitakuja mwenyewe siku ya kuchanja. Akanishukuru sana, akanikaribisha, akaniletea kiti. Vifaranga akanirudishia. Banda ameweka gunia za mkaa, anauza rejareja.

Nilipokuwa naondoka nikamuuliza biashara ya mkaa inakwendaje. Akanijibu vizuri, kwa kirefu, mkaa wa mti gani unakaa motoni na upi unaruka cheche, mpaka nikachoka kusimama.

#44 Mtetea Mweusi
😔

#45 Pumba Laini
Mama, samahani kuuliza kwenye msiba. Hilo banda lina ukubwa gani? Akilichoka niulizie kama anapangisha, niko Kihonda hapo.

#46 Mama Matetea
Futi 12 kwa 30, sakafu ya saruji. Nilishamuulizia, maana si wewe wa kwanza. Anapangisha kwa bodaboda, kwa cherehani, kwa stoo ya mahindi. Mtu wa kuku hamtaki.